Amplifaya ya pulsi za kasi kabla ya ADC: niweke MHz 30 au MHz 500?

FundiKebo_Mbezi

Wakuu salaam. Wajuzi wa saketi za kasi naomba msaada, maana nimeulizia Kariakoo na kila kaunta ina jibu lake.

Kazi yangu ni kamera za ulinzi na nyaya zake, hasa nyumba za Mbezi Beach na Tegeta. Kebo nyingi ni RG59 (kebo ya koaksi ya video) zilizozikwa chini ya pevingi, na mtu akija kuchimba mtaro wa maji anapita nazo. Mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kung'oa pevingi yote, anataka nimwonyeshe pa kuchimba. Kwa hiyo najitengenezea kifaa cha kutuma pulsi kwenye kebo na kusubiri mwangwi wake. Vya dukani vipo, bei yake siiwezi.

Nilivyonavyo: pulsi inatoka kwenye lango la 74AC14 (chipu ya mantiki), volti 5, upana 20 ns (nanosekunde). Kwenye oskiloskopu yangu ya MHz 100 ukingo unapanda kwa kama 4 ns. Upande wa kupokea nina bodi ya AD9226, ndiyo ADC yangu (chipu ya kugeuza volti kuwa namba), biti 12, naiendesha kwa sampuli milioni 65 kwa sekunde, na data inaingia kwenye FPGA (chipu unayoipanga saketi zake mwenyewe) ya Cyclone IV. Katikati nataka amplifaya ya kukuza mara 10. Waya uliokatika kabisa unaonekana hata bila kukuza, ila kiungo kilichoingia maji kinarudisha mwangwi mdogo sana.

Swali sasa. Hiyo amplifaya iwe na upana wa bendi (mwisho wa MHz inazoweza kupitisha) kiasi gani? Mmoja kaniambia pulsi ya kasi inataka MHz 500. Mwingine akasema ADC ya milioni 65 haioni kitu juu ya MHz 32.5, yaani nusu ya kasi yake, kwa hiyo weka ya MHz 30 ukalale. Nina chipu za amplifaya AD8065 mbili nilizong'oa kwenye bodi mbovu, zimeandikwa MHz 145. Zitafaa?

Tabata_Relini

Nimeweka kiti hapa nasubiri wajuzi.

Msimbazi_Saketi

Mkuu hili halina mjadala mrefu. Upana wa bendi ni 0.35 gawanya kwa muda wa kupanda. Pulsi yako 4 ns, unapata MHz 87. Zidisha mara tatu mpaka tano ili usiiharibu, uko MHz 260 mpaka 440. Huyo aliyekwambia 500 yuko sahihi. Agiza chipu, endelea na kazi.

MzeeWaShaba

Kijana wa Mbezi, ngoja nikujibu kwa kirefu kidogo. Mimi nimetafuta waya mbovu wa simu maisha yangu yote ya kazi, na haya mambo ya mwangwi ndiyo yalinisomeshea watoto.

Kwanza hiyo 4 ns siyo ya pulsi yako. Oskiloskopu ya MHz 100 yenyewe inapanda kwa 3.5 ns, na mida ya kupanda hujumlishwa kwa mraba: mraba wa 4 ni 16, toa mraba wa 3.5 ambao ni 12.25, inabaki 3.75, kipeuo chake cha pili 1.9. Ukingo wako halisi ni karibu 2 ns. Kwa hiyo hata hesabu ya Msimbazi imeanzia pasipo penyewe. Kanuni ya 0.35 haina kosa, namba aliyoipa ndiyo siyo.

Pili, hiyo "mara tatu mpaka tano" ni kanuni ya mtu anayetaka kuchora umbo la pulsi kama lilivyo. Wewe umeomba umbo? Umeomba umbali. Kwenye RG59 yenye plastiki ngumu ndani, mawimbi yanakwenda karibu mita 198 kwa mikrosekunde. Kwenda na kurudi, kila mita moja ni kama 10 ns. Unachokipima ni saa ngapi ukingo umefika, basi.

Na kwa kazi hiyo hesabu ni tofauti. Ukosefu wa uhakika wa muda ni kelele gawanya kwa mteremko wa ukingo. Ukipanua bendi, ukingo unakuwa mkali zaidi, vizuri, lakini kelele nayo inaongezeka kwa kipeuo cha pili cha upana. Ukibana bendi kelele inapungua ila ukingo unalala. Mahali pazuri kuliko pote ni pale muda wa kupanda wa amplifaya unapolingana na wa pulsi inayoingia. Kalamu na karatasi zinatosha kulihakiki hilo. Ukipotoka mara tatu kwenda juu, unapoteza kama asilimia 29. Ukipotoka mara tatu kwenda chini, unapoteza asilimia 29 ile ile. Kwa hiyo ni bonde pana, hakuna haja ya kugombana kwa MHz 50 huku wala kule, na kulipia MHz 500 ili upime vibaya zaidi ni kuichezea pesa.

Sasa jambo ambalo watu wa kaunta hawakwambii: pulsi inayoingia kwenye amplifaya siyo ile uliyoituma. Imepita kwenye kebo. RG59 ya kawaida inakula kama desibeli 11 kwa kila mita 100 kwenye MHz 100. Kosa likiwa mita 100 kutoka ulipo, mawimbi yametembea mita 200, yamepoteza desibeli 22, na volti iliyobaki kwenye MHz 100 hiyo haifiki sehemu moja ya kumi. Kwenye MHz 10 hasara ni kama desibeli 7 tu, kwa sababu hasara ya shaba inafuata kipeuo cha pili cha MHz. Ukingo wa 2 ns ukirudi kutoka mwisho wa uwanja umeshalala, na hakuna amplifaya duniani itakayourudishia makali ambayo kebo imeyameza. Kufungulia MHz 300 kwa mwangwi wa namna hiyo ni kuacha madirisha wazi usiku hapo Manzese, upepo ule ule, mbu wengi zaidi.

Mbu wenyewe ni nani? Redio. Jiji hili limejaa stesheni za FM kati ya MHz 88 na 108, na kebo iliyokatika ganda ni antena nzuri. Utakuza mara 10 muziki wa watu.

Na kiungo kilichoingia maji, ambacho ndicho unachokitafuta, mwangwi wake wenyewe hauna ukingo mkali. Maji yanapanda ndani ya kebo taratibu, yanaongeza kapasitansi (uwezo wa kutunza chaji), impidansi (ukinzani wa kebo kwa mawimbi) inashuka kidogo kidogo, kwa hiyo mwangwi unaanza kushuka chini ya mstari polepole kisha unarudi juu pale kebo kavu inapoanza. Mita moja au mbili za maji ni 10 mpaka 20 ns za mteremko. Hapo MHz 30 inakuonyesha karibu kila kilichopo.

Kwa hiyo mimi ningejenga ya MHz 15 mpaka 20, filta ya Bessel, inayokata taratibu. Siyo Chebyshev! Filta inayokata kwa ukali inatetema baada ya ukingo, na kwenye kazi hii kila mtetemo ni kosa la uongo. Utamchimbisha mtu uwanja wake kwa ajili ya filta yako.

Msimbazi_Saketi

Mzee nimekusoma. Ila MHz 15 mtu akiwa na kosa mita 3 kutoka ukutani ataliona kweli? Litamezwa na pulsi inayotoka.

BintiSaketi

Shikamoo mzee. Nakubaliana na sehemu kubwa, ila Msimbazi kauliza swali la maana, na kuna kitu hapa kinabadilisha hesabu yote: pulsi hii inajirudia. Kebo iliyozikwa haibadiliki kati ya pulsi moja na inayofuata. Kaka wa Mbezi anaweza kutuma ile ile mara elfu.

Tuanze na hoja ya MHz 32.5. Huyo aliyesema ADC "haioni" juu ya hapo kachanganya. AD9226 inaona sana. Mlango wake wa analogi uko wazi mpaka karibu MHz 750. Isichoweza ni kutofautisha. Chochote cha MHz 40, 100 au 300 kinachoingia kinajikunja na kutua ndani ya 0 mpaka 32.5, kelele ikiwemo. Kelele yote unayoiruhusu mlangoni inabaki kwenye sampuli zako, hata upunguze kasi ya kuchukua sampuli. Anayeamua kelele ni upana wa analogi peke yake.

Kwa kipimo cha mara moja, mzee yuko sahihi kabisa na hata angeweza kubana zaidi. Sampuli mbili zimeachana 15.4 ns, ukingo wa 2 ns unapita katikati yake bila kuguswa, na hapo amplifaya ya bei haikusaidii kitu. Unachelewesha ukingo mpaka uguse sampuli kadhaa, ndipo programu inaweza kukadiria ulipo katikati yake.

Lakini ukiwa na FPGA unaweza kusogeza saa ya pulsi dhidi ya saa ya ADC. PLL (sehemu inayotengeneza mdundo wa saa) ya Cyclone IV inasogeza kwa hatua za chini ya nusu nanosekunde. Gawanya mzunguko mmoja wa saa katika hatua 16, kila hatua 0.96 ns. Tuma pulsi, chukua sampuli zote, sogeza hatua moja, tuma tena. Ukizipanga pamoja una sampuli kila karibu 1 ns, kana kwamba ADC yako ni ya bilioni moja kwa sekunde. Hapo ule mlango wa MHz 750 ambao ulikuwa hasara unageuka faida, na ukingo wa 2 ns unaonekana ulivyo.

Kelele? Tuihesabu tuache hofu. Chukua chipu ya amplifaya OPA657: kelele yake ni 4.8 nV kwa kila kipeuo cha pili cha hezi, na kwa ukuzaji wa mara 10 ina kama MHz 275. Mbele ya ADC weka rezista ya 33 na kapasita ya 22 pF, hiyo ni MHz 219. Amplifaya na filta hiyo pamoja zinapanda kwa karibu 2 ns, yaani sawasawa na ukingo wa 74AC14, kama mzee alivyotaka. Kelele inayofika ADC ni kama 0.8 mV. Hatua moja ya biti 12 kwenye volti 2 ni 0.49 mV. Kwa hiyo ni hatua moja na nusu hivi. Ukichukua wastani wa mara 256 inashuka mara 16, na zile FM za mzee zinakwenda na maji pia, mradi pulsi zako hazifuatani nazo. Muda wa kazi yote: hatua 16 mara 256 ni pulsi 4096, kila moja ukiipa 5 µs ambazo zinatosha mita karibu 500, jumla ni milisekunde 20 na kidogo. Mteja hajamaliza hata kukuuliza "vipi fundi".

Kuhusu AD8065, usijisumbue. Hiyo 145 ni kwa ukuzaji wa mara 1. Ukikuza mara 10 unabaki na chini ya MHz 15. Na hata kwa mara 1 kuna ukomo mwingine ambao namba ya MHz haiuonyeshi, kasi ya volti. AD8065 inapanda volti 180 kwa mikrosekunde. Ukingo wa volti 1 utachukua zaidi ya 4 ns hata kama hesabu ya bendi inasema 2.4. Watu wengi wanasoma mstari wa kwanza wa karatasi ya data halafu wanashangaa pulsi ndogo inapita vizuri na kubwa inageuka pembetatu. OPA657 ni 700, inabeba mwangwi wa volti moja na nusu bila shida.

MzeeWaShaba

Marahaba binti. Umesema vizuri, na sina ugomvi na kuchukua wastani, sisi tulikuwa tunafanya kwa macho kwenye kioo cha oskiloskopu.

Neno langu moja. Kwa kosa la karibu, fungulia kama binti alivyosema. Kwa kosa la mbali, bendi pana haikupi kitu. Basi usichague moja. Ile rezista na kapasita ya mbele ya ADC ndiyo mahali pa kuamulia, na ni vitu vya shilingi mia mbili tatu. Weka swichi: upande mmoja 33 na 22 pF, upande wa pili 100 na 100 pF, hiyo ni MHz 16. Vifaa vya dukani navyo vinakupa kitufe cha upana wa pulsi kwa sababu hiyo hiyo. Ukienda upande wa MHz 16 panua na pulsi iwe 50 ns. Pulsi ya 20 ns kwenye filta hiyo inafika asilimia 86 tu ya urefu wake kabla haijaanza kushuka, ya 50 inafika 99, na nguvu inayokwenda mbali inakuwa kubwa zaidi.

Kingine, kasi ya kebo pima mwenyewe. Kata mita 20 kwenye roli ile ile, uache mwisho wazi, usome. Kariakoo kuna kebo ya chuma iliyopakwa shaba, kuna ya plastiki yenye povu, zote zimeandikwa RG59. Yenye povu inakimbia zaidi, na ukitumia namba ya kitabu kosa lako la umbali litakuwa kubwa kuliko yote haya tunayobishania.

FundiKebo_Mbezi

Shikamoo mzee, na dada asante sana, hapa nimepata darasa. Nimeagiza OPA657, itachukua wiki kadhaa.

Wakati nasubiri nimejaribu bila amplifaya, nimeunga lango kwa rezista ya 51 mpaka kwenye kebo, na ADC inasoma hapo hapo kwenye kebo kupitia bodi yake. Hatua 16 za saa zimekubali, mwisho wa kebo ya mita 20 unaonekana safi. Mambo mawili yananitatiza. Kwanza, kuna alama nyingine ndogo kwenye mita 40, inaelekea chini, na kebo hiyo haina mita 40. Pili, nikiweka amplifaya ya mara 10, pulsi yenyewe inayotoka ni zaidi ya volti 2. Si itaijaza kabisa?

BintiSaketi

Itaijaza, ndiyo, na amplifaya iliyojaa haiamki papo hapo. Makumi ya nanosekunde inayochukua kurudi kwenye hali yake ndiyo mita zako za kwanza unazozipoteza, haijalishi bendi ni pana kiasi gani. Usiipe pulsi kamili. Weka rezista ya 1k kutoka kwenye kebo, halafu dayodi mbili za Schottky zenye kapasitansi ndogo zikielekeana kinyume kwenda ardhini, ndipo mlango wa amplifaya. Mwangwi mdogo hauzigusi, pulsi kubwa inabanwa. Ila angalia: 1k na pF 2 tu za dayodi na mlango tayari ni MHz 80. Ukitaka makosa ya karibu shusha iwe 220, na mwangwi wa ziada wa kebo utaupata kwenye hesabu, siyo kitu kikubwa. Njia safi zaidi ni daraja la rezista linaloondoa pulsi inayotoka kabla haijafika kwenye amplifaya, lakini anza na dayodi.

Na ubao: OPA657 usiiweke kwenye veroboard. Shaba nzima upande mmoja iwe ardhi, kapasita za 100 nF ziguse miguu ya umeme, na chini ya mguu wa mrejesho ondoa shaba. Isipokuzwa angalau mara 7 inaimba yenyewe.

MzeeWaShaba

Alama ya mita 40 ni mzimu wa mwisho wa kebo. RG59 ni ohmu 75. Umeweka 51, na lango lenyewe lina ohmu kama 10 za ndani, jumla 61. Toa 75, gawanya kwa 136 (61 jumlisha 75), unapata hasi 0.10. Mwangwi ukirudi kwako, asilimia 10 inageuzwa na kutumwa tena kwenye kebo, inafika mwisho, inarudi. Ndiyo maana iko mara mbili ya umbali na inaelekea chini. Weka 68 badala ya 51 uangalie itabaki kiasi gani. Ikipungua lakini haijaisha, panda au shuka ohmu chache mpaka ipotee, halafu iache hapo hapo, usiiguse tena.

Na kabla hujaunganisha kebo yoyote ya mteja hakikisha upande wa pili wameshachomoa kamera na umeme wake. Kuna mafundi wanapitisha volti 12 kwenye kebo hiyo hiyo.

FundiKebo_Mbezi

Nimeweka 68, alama imebaki kama robo ya ilivyokuwa. Nimeongeza 4.7 mfululizo, sasa siioni kabisa hata nikichukua wastani wa 256. OPA657 ikifika naleta picha za pande zote mbili za swichi.